Sahihi Juu ya Nyongo ya Mzee Opondo

Usenge Bichi,
14 Januari 2024

Kwa Nanyama, mtoto wa dada yangu Rosa,

Anayekuandikia ni mjomba wako Opondo, miaka sabini na tisa, meno kumi na tisa, yote yangu. Nimezika wake wawili na ndugu wanne. Nimeishi kuliko kiboko aliyepindua mtumbwi wa baba yangu, kuliko kipindupindu mara mbili, kuliko gugu-maji lililofunga ziwa mpaka watu wakasema samaki sasa ni hadithi, na kuliko yule mwalimu wa ngumbaru aliyesema kichwa changu ni cha kupasua samaki, si cha kushika kalamu. Yeye ameenda. Mimi huyu hapa nashika kalamu.

Habari za huko Kisumu? Wagonjwa wako hawajambo, kama mgonjwa anaweza kuwa hajambo? Mama yako huko Bungoma bado ana goti lile? Hapa tuko salama. Ogola mwanangu anavua upande wa kisiwa cha Mageta, anarudi Jumamosi akiwa na hamu ya ugali na kelele nyingi. Simu sitaki, usiniletee tena. Maneno ya simu hupeperuka, ya karatasi hukaa. Na kwa vile Kijaluo hujui kukiandika, nacho Kibukusu cha baba yako Waliaula hakinipandi, tuendelee na Kiswahili chetu hiki cha kuokoteza.

Wiki jana nilipasua samaki, mbuta wa kilo arobaini. Wanunuzi walisimama kutazama. Nikatoa ini, nyongo ikatoka nayo nzima kama yai. Wewe ni muuguzi, hujui kazi hii: nyongo ikipasuka, kijani kikimwagika, nyama yote inakuwa chungu na mnunuzi anaondoka. Miaka hamsini na mbili kwenye meza za bichi hii sijapasua hata moja.

Sasa neno lenyewe. Nitumie dawa ya kupaka. Ngozi inaniwasha kila mahali na hakuna kipele. Malaria nayo imenitembelea mara tatu tangu Krismasi, inakuja na kutetemeka mpaka kitanda kinatembea, lakini kila mara nimeifukuza kwa vidonge vya duka la dawa na kesho yake niko mezani na kisu. Dalmas, dereva wa lori la barafu anayekuletea barua hii, akikuambia navaa miwani nyeusi, ujue ni jua tu.

Mimi mjomba wako,
Opondo


Kisumu,
19 Januari 2024

Nera,

Mama alinifundisha kumwita mjomba hivyo kwa lugha yenu, na ndilo neno ninaloliandika bila kukosea. Salamu nyingi. Mimi ni mzima. Goti la mama limepungua, sasa anaenda kanisani bila fimbo na kurudi akilalamika kuhusu kwaya. Hongera kwa mbuta.

Dawa ya kupaka sitatuma. Nera, Dalmas hakusema unavaa miwani juani. Alisema unaivaa ndani ya nyumba, na ukila, na siku ile ya mvua. Nijibu kama unavyomjibu mnunuzi. Mkojo wako una rangi gani? Kama chai ya rangi? Choo kimekuwa cheupe kama udongo? Unaumwa chini ya mbavu za kulia? Je, katika hizo malaria tatu, kuna mtu aliyekutoboa kidole akakupima hata mara moja?

Mtu akitetemeka, akiumwa pale, na macho yakiwa ya njano, hiyo haipaswi kuitwa malaria kwa sababu tu tunakaa kando ya ziwa. Panda lori na Dalmas wiki hii. Nitakuwa langoni.

Mpwa wako,
Nanyama


Usenge Bichi,
27 Januari 2024

Kwa Nanyama,

Barua yako imefika. Salamu zako nimezipokea, maswali yako nimeyarudisha. Mkojo wangu ni mambo yangu na mkojo wangu. Tangu lini okewa, mtoto wa dada, akamuuliza mjomba rangi ya choo? Baba yako angekuwa hai angecheka.

Mimi si mtu wa kulazwa. Juzi nilikunywa supu ya mbuzi iliyotiwa nyongo, chungu kweli kweli, kwa sababu nyongo huiamsha nyongo, wazee walijua. Nimetapika kidogo tu.

Na kwa vile umeanza habari ya hospitali, sikia sheria yangu. Siku nikizidiwa, hakuna mtu wa kutia sahihi juu ya mwili wangu ila Ogola. Wewe nakupenda, ukija kwangu unachinjiwa kuku, lakini wewe ni mtoto wa boma la Waliaula. Mtoto wa dada ni mgeni wa heshima. Mgeni haamui mwenye nyumba akatwe wapi. Mtu akifa baada ya kukatwa, aliyetia sahihi ndiye anabeba maneno mpaka kaburini kwake. Maneno hayo ayabebe mwanangu.

Sasa baridi imenishika tena. Nitamalizia


Usenge Bichi,
2 Machi 2024

Kwa Nanyama, mtoto wa dada yangu,

Nimerudi nyumbani. Wale waliokuwa wamenizika kwa mdomo wapumzike.

U mzima? Umelala usingizi tangu nitoke? Hapa wote wazima. Nimepungua, suruali nimeifunga kwa kamba ya wavu. Macho yamerudi meupe, miwani nimemuuzia mpuuzi mmoja. Na sasa nakiri: yalikuwa ya njano kama mafuta ya mbuta. Mkojo ulikuwa chai ya rangi. Umefurahi?

Nataka nikuandikie niliyoyaona, kwa sababu wewe uliyaona ukiwa umesimama, mimi niliyaona nikiwa nimelala.

Dalmas anasema alinikuta adhuhuri chini ya blanketi tatu nikibishana na marehemu mke wangu wa kwanza. Alimwaga nusu ya barafu, akanipandisha kwenye magunia. Kwa hivyo niliingia Kisumu kama mbuta. Nakumbuka vipande tu. Nakumbuka sauti yako ikisema presha inashuka. Dripu mkono huu, dripu mkono ule, maji yanakimbizwa. Damu ikachukuliwa kwenye chupa wajue ni vijidudu gani, na hata kabla ya chupa kujibu dawa ya kuviua ilikuwa inaingia mshipani. Nilijaribu kung'oa sindano, nikakuita mchawi. Hilo ulisahau kunilaumu.

Halafu nikaamka siku nyingine, nikaona msichana wa Kihindi, mwembamba, mfupi, amesimama kando ya kitanda. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Mama, niitie daktari." Akanijibu kwa Kijaluo safi, Kijaluo cha watu wa mtaa wa Nyalenda, "Daktari ni mimi, Tanvi. Nani mwingine unamtaka, Mzee?" Nanyama, anakipiga kuliko wewe.

Akaniuliza, "Mzee, unajua nyongo?"

Nikamwambia, "Unamuuliza mamba kama anajua maji?"

"Basi yako ilikuwa imezibwa. Ini linatengeneza nyongo, nyongo inapita mfereji mwembamba, inamwagika kwenye utumbo. Jiwe lilitoka kwenye kifuko chako cha nyongo likakaa mlangoni. Nyongo isipotembea ni kama maji ya dimbwi, vijidudu vinazaliana, vinapanda mpaka kwenye damu. Badala ya nyongo ulikuwa na usaha."

"Na malaria yangu?"

"Tulikupima. Hukuwa na malaria."

"Na vidonge nilivyomeza mara tatu?"

"Vilitibu malaria ya mtu mwingine."

Nilicheka mpaka ubavu ukauma. Halafu akanieleza kazi yenyewe, na hapo sikucheka. Kwamba alipitisha mpira mrefu mdomoni mwangu, wenye taa na jicho mbele, ukashuka tumboni, ukafika pale mfereji unapofungukia utumbo. Akaupanua mlango kidogo. Usaha ukatoka. Jiwe akaliacha kwanza, kwa sababu ni kubwa na mimi nilikuwa mtu wa kufa, akasema siku hiyo kazi ni kumwaga uchafu, si kuwinda jiwe. Akaacha mrija mdogo wa plastiki upite kando ya jiwe, nyongo ipate njia.

Nimelifikiria hili kila siku. Mimi nafungua samaki aliyekufa, mchana, juu ya meza, nakiona kila kitu. Yeye aliingia ndani ya mtu hai anayetetemeka, akitazama televisheni, akapita mahali pembamba kama jani la nyasi, na hakumwaga. Na alijua pa kuachia. Hilo la kuachia ndilo linalonishinda, kwa sababu mkono mzuri siku zote unataka kumaliza. Nimesema miaka yote kwamba kutoka Usenge hadi Port Victoria hakuna mkono kama wangu kwenye nyongo. Sasa nasema uko mmoja.

Neno langu ni hili. Nilimuuliza nani alitia sahihi. Akasema, "Uliza jamaa zako." Ogola alifika siku ya tatu, alikuwa Mageta, simu haishiki. Najua kuhesabu mpaka tatu. Kwa hivyo nakuuliza wewe: nani alitia sahihi?

Mjomba wako mwenye mrija,
Opondo


Kisumu,
10 Machi 2024

Nera,

Nimesoma barua yako mara mbili wadini, mpaka wenzangu wakaniuliza ni ya mchumba. Nimempelekea Daktari Tanvi salamu zako. Akasema hajawahi kusifiwa na mtu wa fani. Akasema pia watu wengi wa umri wako wakifika wakiwa wamechanganyikiwa na presha iko chini hivyo, hawarudi kuuza miwani. Mama amefurahi, ametoa sadaka.

Sasa nisikilize. Mrija ule si wa kukaa. Ukipita miezi mitatu unaweza kuziba, na ukiziba yote yanarudi: baridi, maumivu, macho. Jiwe bado limo. Tarehe yako ni Jumatatu, 22 Aprili. Daktari atapita njia ileile, atoe jiwe na mrija. Baadaye watatoa kifuko chenyewe kinachotengeneza mawe, kwa matundu madogo manne, siku mbili tatu uko nyumbani. Kula chakula kidogo kidogo, punguza mafuta. Ukihisi baridi hata mara moja, usingoje tarehe.

Mvua zimeanza huku. Mwambie Dalmas aangalie barabara.

Mpwa wako,
Nanyama


Usenge Bichi,
30 Machi 2024

Kwa Nanyama,

Mimi mzima, mama yako msalimu.

Umeniandikia kurasa mbili nzuri na jibu halimo. Nimemuuliza Ogola. Ameangalia ziwa. Nikamuuliza tena, akasema nyavu zake zimechanika, akaondoka.

Mimi ndiye mwenye mwili. Kuna karatasi Kisumu yenye jina langu juu na jina la mtu chini, na ninyi nyote mnalijua ila mimi. Sitarudi kwenye meza ile kama samaki. Nikiambiwa, nitakuja. Nisipoambiwa, mrija na uzibe.

Opondo


Kisumu,
18 Aprili 2024

Nera,

Mama hajambo, nami sijambo, na leo salamu ni hizo tu.

Ni mimi niliyetia sahihi.

Nilikuwa nimesoma barua yako ya Januari, ile isiyo na mwisho, ambayo Dalmas alinitangulizia hivyohivyo. Ilikuwa mfukoni mwa sare yangu ulipoteremshwa kwenye lori. Kwa hivyo siwezi kusema sikujua sheria yako. Nilimpigia Ogola mara kumi na moja. Daktari Tanvi alikuwa ameshavaa glavu. Akaniambia, "Nanyama, dawa peke yake haitoshi, lazima usaha utoke. Tukimngoja mwanawe, atakuta maiti." Ulikuwa umelala hapo unaniita mchawi na mikono yako ilikuwa baridi.

Nikachukua kalamu. Kwenye jina nikaandika Nanyama Waliaula. Pale panapouliza uhusiano, nikaandika binti. Sikuandika mpwa. Niliogopa mtu angeuliza watoto wako wako wapi, na muda ungepotea.

Ogola alipofika alitaka kuiona karatasi. Ni lile neno binti lililomchoma zaidi ya sahihi. Aliniambia mbele ya wagonjwa kwamba nimeingia boma lisilo langu, kwamba ungekufa ningejibu kwa ukoo mzima, na kwamba nisikanyage Usenge tena. Sikutaka kukuandikia hayo kwa sababu ni mwanao, nawe ulikuwa umetoka tu kaburini. Mama anajua. Amelia.

Nilivunja neno lako, Nera. Hasira yako nitaibeba, ni haki yako. Lakini uje. Hata ukichelewa, kuanzia tarehe moja Mei nitakuwa Eldoret kwa mafunzo, hutaniona langoni, kama hilo litakurahisishia. Daktari Tanvi yupo.

Nanyama


Kisumu, wadi ya wanaume,
27 Mei 2024

Kwa Nanyama, huko Eldoret,

Baridi ya huko vipi? Unavaa sweta? Watu wa huko wanakimbia mno, usiwafuate. Mimi nimekalia kitanda karibu na dirisha, nimekula uji, na tumbo langu lina matundu manne ambayo huwezi kuyaona bila kuonyeshwa. Msimulie mama yako kwamba kaka yake anapendwa na wadi nzima, na mhudumu wa chakula hunitilia uji wa pili kwa heshima.

Barua yako ya Aprili ilinifikia tarehe kumi na moja Mei. Maji yalikuwa yamekata barabara, lori la Dalmas likakaa siku kumi na mbili likiwa limezama mpaka kwenye ekseli, barua ikiwa mbele ya usukani, mwishowe akaileta kwa miguu. Samaki wameoza bichi nzima, watu wamelia. Mimi baridi ilikuwa imenirudia tangu tarehe nane. Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeshaandika sitarudi, na neno langu ni neno.

Niliisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti. Halafu nikamwita Ogola.

Nikamwambia, "Ulimwambia nini mtoto wa Rosa?"

"Nilimwambia hana haki, Baba."

"Nani alikuwa nayo?"

"Mimi."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Ziwani, Baba. Unajua nilikuwa ziwani."

"Basi haki ilikuwa ziwani na mwili ulikuwa Kisumu. Ungetaka wangoje haki ipande mtumbwi?"

Akainuka palepale. Yeye si mtoto mbaya, Nanyama. Aliogopa watasema mwana alichelewa na mtoto wa dada akawahi, na kweli ndivyo ilivyokuwa. Alikwenda kutafuta mashine ya kuvuta lori, na kesho yake tulikuwa watatu mbele, yeye, Dalmas na mimi katikati nikitetemeka.

Daktari Tanvi akaniona, akatazama kalenda ukutani. "Mzee, umechelewa wiki tatu."

"Barabara, Daktari. Mafuriko."

"Barabara, au kichwa?"

"Vyote vilifurika."

Alinilaza, dripu, dawa ya vijidudu, siku ya pili akaingia tena kwa njia ya mdomo. Mrija ulikuwa umeziba kama ulivyosema. Akautoa, na safari hii akaliendea jiwe, akalivunja ndani kwa ndani, akalitoa vipande, kimoja kikubwa kama punje ya mahindi. Kimewekwa kwenye chupa. Nilimwambia, mkono huo ungezaliwa Usenge ningestaafu mapema. Akasema ungezaliwa Usenge ungepasua samaki, nani angenitoa jiwe? Nikamkubalia, jambo nisilolifanya mara nyingi. Baada ya siku tisa daktari mwingine akatoa kifuko, yeye akiwa amesimama hapo kuangalia. Nilidai nikione. Kilikuwa kizima, hakijapasuka. Nimeridhika.

Sasa kuhusu hasira unayoingoja. Nimeitafuta tangu tarehe kumi na moja, sijaipata. Nilichopata ni hiki. Ulikuwa na barua yangu mfukoni. Ulijua nikifa lawama yote ni yako, kwa Ogola, kwa ukoo, na kwa mama yako pia kwamba amezaa mtoto aliyemmaliza kaka yake. Nami nilikuwa nakuita mchawi masikioni. Ukaandika jina lako zima, pamoja na la Waliaula, hukulificha. Mimi nimesifu mikono ya watu wengi, na wa Daktari Tanvi nimeusifu mpaka amechoka. Lakini yeye alikuwa na taa na jicho mbele. Wewe ulikuwa na kalamu tu. Sijui kama ningeweza.

Kabla ya kunikata walileta karatasi. Muuguzi akataka kunishikia kidole kwenye wino, nikamwambia niachie, nimesoma ngumbaru. Nikaandika Opondo mwenyewe. Chini kuna mstari: mgonjwa akipoteza fahamu, nani aamue? Ogola alikuwa amesimama karibu kabisa. Nikaandika Nanyama Waliaula. Mbele yake wanauliza uhusiano. Nikaandika polepole ili herufi zisianguke: binti. Ukimaliza masomo huko, pitia Usenge kwanza kabla ya Kisumu. Ogola ndiye atachinja, nimeshamwambia, naye ameshachagua mbuzi.

Atakayesema mzee ametia chumvi, amuulize Dalmas, aliyelipoteza lori lake siku kumi na mbili na barua akaitunza kavu. Amuulize Daktari Tanvi, jiwe liko kwake na hawezi kulikana. Na kuhusu neno la mwisho kwenye karatasi, amuulize Ogola mwanangu, kwa kuwa kalamu ilikuwa yake, alinishikia karatasi isiteleze, akalisoma likiandikwa herufi kwa herufi, na hakuuvuta mkono wake.

Opondo